Zawadi, kitabu chako kimelowa

Goma, Jumapili jioni

Zawadi ndugu yangu,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Na mzee, mguu wake? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mama Deo bado anagombana na yule wa mbwa, Patient ameoa hatimaye, lakini hayo utayapata kwa wenye midomo. Furaha anapanda boti kesho na barua hii iko mkobani mwake, kwa hiyo naandika mbiombio, na naanza na kosa langu: kitabu chako kimelowa.

Kile cha N. K. Jemisin, La Cinquième Saison, ulichoniachia siku unahama. Najua ulisema huna haja nacho, lakini mali ya mtu ni ya mtu. Kilikaa chini ya cherehani miaka hata sijui mingapi. Mwezi jana umeme ukakatika siku nne, simu ikazima, nikakifungua kwa kukosa la kufanya. Usiku wa tatu mvua ikapita kwenye lile tundu la bati, lile lile ulilokuwa unalitegea beseni, mimi nimelala fofofo. Asubuhi nilikianika juani, kisha nikakigeuzageuza juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kama nakausha samaki wadogo wa sambaza. Kimepona nusu. Kimevimba kama mkate, na kurasa za mwisho zimegandana.

Unakumbuka ulichosema tukiwa Sake? Mlima Nyiragongo ulitoka moto Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, Alhamisi alfajiri tukaambiwa tuhame, na kufika jioni ulikuwa umekaa juu ya godoro kando ya barabara, viatu mkononi. Kuna kijana alikuwa anasoma kitabu chenye joka kwenye jalada. Ukamtazama weee, halafu ukaniambia: hadithi hizi ni za watu ambao hawajawahi kukimbia. Nilicheka, nikakubali. Tangu siku hiyo kila nikishika kitabu cha namna hiyo najiuliza swali moja tu: nani amebeba sufuria? Mji unaungua, watu wanatoroka, panga ziko, farasi wako, jioni wameketi wanakula. Wamepikia nini?

Sasa nisikilize. Kwa Jemisin, sufuria ipo.

Bara lake limepewa jina la utulivu, na hiyo ndiyo kejeli yenyewe, maana halitulii. Kila baada ya muda ardhi inapasuka, majivu yanafunika jua miaka na miaka, na watu wanauita wakati huo majira ya tano. Kwa hiyo kila nyumba ina begi la kukimbia, limefungwa, linangoja. Zawadi, begi! Nilipofika hapo niligeuka kutazama nyuma ya mlango wangu. Liko pale tangu 2021: vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki, kitenge kimoja, kilo mbili za maharagwe, chaja, na ule msumari ambao Mama anakataa utolewe bila kusema ni wa nini. Sijawahi kusoma kitabu cha uchawi chenye msumari wangu ndani yake.

Tena kuna watu wanaozaliwa na uwezo wa kuituliza ardhi. Ungedhani wangebebwa mabegani. Wapi! Ndio wanaochukiwa, wanauawa wangali watoto, au wanafungwa na kutumikishwa. Mwanamke mmoja, Essun, anarudi nyumbani na kumkuta mtoto wake mdogo ameuawa na baba yake mzazi kwa sababu hiyo hiyo. Na sehemu yake inasimuliwa kwa “wewe”. Wewe unaingia, wewe unakaa chini na maiti. Mwanzoni iliniudhi, kama mtu anayekudai hela mbele ya wageni. Baada ya kurasa ishirini sikuweza kutoka. Anasema wana kiungo huku kisogoni kinachosikia ardhi kabla haijatikisika. Nikamkumbuka Mama, zile siku za matetemeko, alivyokuwa anaketi kitako kitandani kabla bati halijalia.

Si kwamba sina malalamiko. Majina ni magumu, maneno mengine ameyatunga mwenyewe, na faharasa ya kuyaeleza ameiweka mwisho. Mwisho! Palipogandana. Lakini nimeelewa kwa nini walimpa tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, mara moja kwa kila kitabu cha hadithi hii. Nami nilikiweka chini ya cherehani.

Kile cha Tomi Adeyemi, De sang et de rage, nilikimaliza kwa siku mbili, nacho kina moto kweli, mfalme aliyewaua wenye uchawi na binti wa mmoja wao anayetaka uchawi urudi. Ila yule mwana wa mfalme! Anamwinda binti wa watu ili amuue, mara wanapendana. Dada, hata kwetu harusi za haraka huchukua muda kuliko hapo.

Frieren ni manga, hadithi ya picha ya Kijapani yenye jina la mhusika wake, mdogo wangu ameazima vitabu vitatu vya kwanza (alianzia kulia au kushoto? alianzia mwisho, akashangaa shujaa amefufuka). Ni mwanamke anayeishi zaidi ya miaka elfu moja, alisafiri na wenzake miaka kumi kumuua mfalme wa mashetani, na kwake miaka kumi ni kama kwenda sokoni na kurudi. Shujaa anazeeka, anafariki, na ni kaburini ndipo analia kwamba hakumjua. Baadaye anazunguka akikusanya uchawi mdogo mdogo usio na maana, wa kuotesha shamba la maua, wa kusafisha sanamu. Nimempenda bure, mvivu wa kuamka yule. Sufuria inabebwa na Fern, yatima aliyemchukua kuwa mwanafunzi wake. Nilijua tu.

Halafu nikawaza, sisi tunangoja nani? Tuna mazuku. Hewa inayotoka ardhini, nzito, haionekani, inajaa kwenye mabonde asubuhi na mbuzi anaanguka akiwa anakula majani. Nani amewahi kutunga kitu kama hicho? Tungekuwa na mchoraji mmoja wa BD, hadithi za picha, mwenye… basi, tutaongea ukija.

Narudi kwenye kurasa zilizogandana. Nilizichambua kwa kisu, moja moja, nikaponya karibu zote. Essun bado hajampata binti yake. Amemkuta yule mwanaume wa zamani, sasa anageuka jiwe polepole, na kwenye mstari wa mwisho kabisa anamwuliza kama amewahi kusikia habari za kitu fulani. Jina la hicho kitu limebaki kwenye kisu. Nimekaa nalo wiki mbili.

Binamu yako wa Brussels aliyekuletea kitabu, bado anapokea simu zako? Unaweza kumwuliza ni kitu gani? Na vile viwili vilivyobaki, anaweza kukutumia, nikulipe polepole? Wewe mwenyewe, ukikipata, utakisoma sasa, au bado umekaa juu ya lile godoro? Na begi lenu huko Bukavu, mmelifungua au liko mlangoni?

Furaha anagonga.

Wako,
Neema