Mafunzo ya udereva: kikao Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu.

Kikao cha Jumamosi kipo palepale Mwanga, hapa Kigoma, ila muda umebadilika: tunaanza saa 3 asubuhi, siyo saa 8 mchana. Tutaamua tujifunze wapi. VETA (chuo cha ufundi cha serikali) au shule binafsi ya udereva? Binafsi wanakupangia saa za jioni, inafaa kwa wenye maduka. Mimi naegemea VETA, maana atakayetaka baadaye kubeba abiria atahitaji leseni ya daraja C, na hapo cheti cha mafunzo kinaulizwa.

Na habari ya jirani anayekufundisha na gari lake bure, tafadhali tusikimbilie huko. Bila lena (leseni ya mwanafunzi) hujaruhusiwa kushika usukani barabarani, hata kama ni kutoka Gungu kwenda Katubuka tu. Na wanaosema "nitajifunza otomatiki", fikirieni ule mlima wa kupanda kutoka stesheni: siku ukipewa gari la giya pale, klachi itakuumbua.

Kabla ya Jumamosi:
1. Asiye na TIN (namba ya mlipakodi, inatakiwa kwenye leseni) aende TRA, ni bure. Beba kitambulisho cha NIDA.
2. Sh 20,000 ya kianzio ifike kwa mweka hazina Ijumaa kabla ya saa 12 jioni.
3. Wanaovaa miwani waje nayo, macho yanapimwa.

Mama zangu mnaosema umri umekwenda: sheria inataka miaka 18 kwa gari, mmeshaipita zamani 😄

Andika jina na "NAKUJA" au "SIJI" hapa chini leo, nijue idadi ya viti.