Nimpe dalali theluthi ya kodi niliyokatwa zaidi?

Mshauri, salaam, na shikamoo ikiwa umenizidi umri.

Mimi ni Mtanzania, natunza wazee hapa Leicester, Uingereza. Kabla ya hapo nilikuwa ghalani, nikaacha mwisho wa Agosti mwaka jana, na Septemba nikaanza hapa kwa mshahara wa pauni 1,900 kwa mwezi kabla ya makato. P45 ya ghalani, ile karatasi ya kodi unayopewa ukiacha kazi, ilichelewa, kwa hiyo tukajaziwa ile fomu ya mfanyakazi mpya yenye A, B na C. Tulikuwa wengi na msimamizi ana haraka zake, akatuwekea alama yeye mwenyewe, wote C. C ni ya mtu mwenye kazi nyingine. Mimi sina, nilistahili B, ya aliyehama kazi.

Tangu siku hiyo slipu yangu imeandikwa msimbo wa kodi BR, na kila mwezi kodi ya mapato ni pauni 380 kamili, Bima ya Taifa mbali. Ghalani nilikuwa na 1257L, yaani pauni 12,570 za mwaka haziguswi, sawa na 1,047.50 kwa mwezi. BR inakata asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Nikipiga hesabu ya 1257L kwa mshahara huuhuu napata kodi ya pauni 170.50. Yaani naliwa pauni 209.50 kila mwezi. Septemba hadi Machi peke yake ni zaidi ya 1,460, na nina watoto wanaosubiri ada Morogoro.

P45 ilipofika niliipeleka ofisini, ikaishia kwenye droo. Mtu wa mishahara ananiambia hawezi kubadili msimbo mpaka apate taarifa ya HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa. Sawa, ndio utaratibu, lakini hata kunielekeza pa kwenda hakunielekeza. Nilipofungua akaunti yangu ya kodi mtandaoni ndipo nikaona kiini chake: ghala bado linaonekana kama mwajiri wangu mkuu, na kile kiwango kisichokatwa kodi chote kimelala huko, kwenye kazi niliyoiacha. Hii ya wazee inahesabiwa ya pili.

Mwaka wa kodi umefungwa tarehe 5 Aprili. Za mwaka huu zitarudi kwenye mshahara msimbo ukirekebishwa. Za mwaka jana zinatoka HMRC kwenyewe, na barua yao ya P800, yenye hesabu ya kodi ya mwaka uliopita, huja kuanzia Juni. Mimi ningengoja. Mtu ana miaka minne ya kudai, hayaozi.

Tatizo ni mume wangu. Kuna ndugu mmoja tunasali naye, anajulikana kwa kurudishia watu kodi. Anataka theluthi, na fedha ipitie kwenye akaunti yake ya benki kwanza. Mume anasema heri nusu shari. Mimi nilikuwa nimeanza kulegea, mpaka yule ndugu akaniomba neno la siri la akaunti yangu ya kodi, kisha akasema ataongezea na gharama za kununua na kufua sare ili “mzigo unone”. Sare napewa bure, na zinafuliwa hapohapo kazini! Nikamwambia sijatumia hata senti. Akacheka, eti kila mtu anafanya hivyo.

Madai yakiwa ya uongo, jina lililo juu ya fomu ni langu, na deni litarudi kwangu, si kwake. Nina viza ya kazi, sitaki doa. Lakini yeye ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii, tukalala kwake mpaka tukapata chumba. Mume anaona nikimkataa nimemtukana.

Naomba unisaidie mambo mawili. Nikiingia mwenyewe kwenye akaunti nikaandika tarehe niliyoacha ghala, inatosha kuniondoa BR, au niwapigie simu HMRC nikiwa na P45 na P60 (karatasi ya jumla ya mshahara na kodi ya mwaka) mkononi? Na huyu ndugu nimkatae kwa maneno gani, mume wangu akiwa amekaa pembeni yetu?

Mama wa watoto wawili, Leicester