Boya la dharura halifungiwi kabatini

Mwezi uliopita tuliitwa Kunduchi kukagua vifaa vya boti moja ya faiba inayovua maji makuu. Nikamuuliza nahodha boya la setelaiti, kile kifaa cha kuita waokoaji, liko wapi. Akatoa funguo mfukoni, akafungua kabati chini ya kiti cha usukani, akasogeza dumu la oili na mafungu mawili ya kamba, akalitoa likiwa bado kwenye nailoni ya dukani.

“Sasa fundi, nikiliacha nje si vijana wataondoka nalo?”

Hoja hiyo siipuuzi. Pale ufukweni hata injini watu hulala nayo. Nikamwomba alirudishe mahali pake, afunge kabati, afumbe macho, kisha alitoe tena mimi nikihesabu. Nilifika 47 ndipo likatoka, na hapo boti ilikuwa imetulia kwenye nanga, jua linawaka, na hakuna mtu aliyekuwa analia.

Mabaharia wengi wanalijua kwa jina la EPIRB. Ukiliwasha linatuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye setelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na uliokuwa Umoja wa Kisovieti. Mfumo huo ulisaidia kuokoa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Huduma hailipiwi, haina vocha wala kifurushi. Setelaiti inaishusha ishara kwenye kituo cha ardhini, kompyuta inakadiria ulipo, taarifa inapelekwa kwa waratibu wa uokoaji wa eneo hilo. Boya lenye GPS linakuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita 100 hivi. Lisilo na GPS linaweza kupishana na ukweli kwa kilomita kama 5, na kwa mtu anayetafuta kichwa kinachoelea kwenye mawimbi ya kusi, kilomita 5 ni bahari nzima.

Wateja wanadhani boya linapeleka jina la boti. Halipeleki. Linapeleka namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 15, na ndani yake mna alama ya nchi. Waokoaji wanaichukua namba hiyo na kuitafuta kwenye rejista: chombo gani, rangi gani, kinabeba watu wangapi, nani apigiwe simu nchi kavu. Mtu ananunua boya lililotumika, limetoka Dubai kwenye meli iliyokatwa vyuma, anafurahi bei. Boya ni zima, betri nzima, lakini “uraia” wake ni wa nchi nyingine. Siku likiwaka, simu inalia kwa wakala wa meli ambayo haipo tena duniani, naye anajibu kuwa wasihangaike, ile meli tuliiuza chuma chakavu. Setelaiti imefanya kazi yake yote, na wewe bado unaelea. Kubadilisha namba hiyo si kazi ya fundi simu wa Kariakoo. Inahitaji kifaa maalumu cha aina ya boya lenyewe, kisha usajili upya. Ukibadilisha namba ya simu ya nyumbani au ukiuza boti, rejista nayo ibadilishwe.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya meli kubwa havilisemi sana kwa sababu haliwahusu. Boya la meli hukaa kwenye kishikizo chenye kifyatuo kinachosukumwa na uzito wa maji: chombo kikizama kufikia kina cha kati ya mita 1.5 na 4, boya linajifungua na kuibuka lenyewe. Kwa meli ya chuma ni sawa. Lakini boti ya faiba au mashua ya mbao ikipinduka mara nyingi haizami. Inabaki imelala kifudifudi, boya limenaswa chini yake, na kina cha kukifyatua kifyatuo hakijafikiwa. Kwa hiyo kwa vyombo vidogo ushauri wetu ni ule ule kila siku: boya likae pale mkono wa nahodha unapofika bila kuangalia, na kila baharia ajue kulichomoa. Kama unaogopa wezi, shuka nalo jioni, panda nalo alfajiri, kama unavyofanya na simu yako. Yule nahodha wa Kunduchi sasa analibeba kwenye begi la mgongoni.

Likishawaka, watu wanaliharibu kwa nia njema. Wanalifunga kwenye boti inayozama, ikaenda nalo chini. Lifunge kwenye boya la kujiokolea au kwa mtu. Wanalificha chini ya turubai lisilowe, wakati limetengenezwa lielee na antena itazame mbingu. Wanalizima “kutunza chaji”. Usilizime. Betri yake imepimwa itume kwa saa 48 zisizopungua, na ukilizima unawafanya wanaokutafuta wakisie ulipohamia. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Ukisukumwa kwa kasi ya maili moja tu ya baharini kwa saa, baada ya saa nne uko zaidi ya kilomita 7 kutoka ulipopinduka.

“Lakini fundi, mimi nina simu, na naishia hapa hapa kati ya Dar na Unguja.” Julai 18, 2012 meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea hapa hapa Dar es Salaam kwenda Zanzibar, watu wengi wakapotea. Sisemi zaidi, wengi wetu tuna ndugu au jirani kwenye orodha ile. Simu ikilowa imekufa, na ikiwa nzima unampigia mtu mmoja ambaye pengine amelala. Redio ya baharini ya VHF, kwenye chaneli 16 ya dharura, inasikiwa na kila aliye karibu, ila kwa antena fupi za boti zetu “karibu” ni maili 5 hadi 10 hivi za baharini. Ndiyo maana tunafundisha vyote viwili: setelaiti ikuitie walio mbali, redio ikuitie meli inayopita.

Darasa letu lipo Kigamboni, siku mbili, watu wasiozidi 8. Siku ya kwanza tunakaa mezani: namba ya boya lako, fomu ya usajili, tarehe ya betri, tarehe ya kifyatuo, na kitufe cha kujipima, ambacho unakibonyeza mara moja kwa mwezi, si kila abiria anapouliza hiki nini. Siku ya pili tunaingia majini na maboya ya mazoezi yasiyotuma ishara, tunazima injini, na kila mtu anasema “Mayday” mara tatu redioni kisha jina la chombo, mahali, tatizo na idadi ya watu, bila kupiga kelele. Neno hilo lilitokana na Kifaransa, maana yake nisaidieni, na utashangaa nahodha wa miaka thelathini anavyoona aibu kulitamka. Tunarudia hadi aibu iishe.

Likiwaka kwa bahati mbaya, usilizime kimya kimya ukaondoka. Lizime, kisha wajulishe waratibu wa uokoaji kuwa ni makosa, vinginevyo wataendelea kukutafuta. Na boya la zamani halitupwi jalalani na betri yake.

Hatutoi vyeti vya uendeshaji redio wa GMDSS, mfumo wa kimataifa wa mawasiliano ya dharura baharini, vinavyohitajika kwenye meli kubwa za kimataifa. Kwa vyeti hivyo nenda Chuo cha Bahari, DMI, na anayekuambia atakupa kwa siku mbili anakuibia. Sisi ni wa boti za uvuvi, za kupiga mbizi, za wageni wa visiwani na majahazi ya Mafia na Kilwa.

Ukija, njoo na boya lako mwenyewe, tulisome namba pamoja. Lilete likiwa ndani ya kishikizo chake. Likitoka humo na kulowa linaweza kuwaka lenyewe, na kwa mvua hizi za masika tusingependa waokoaji wakufuate kwenye foleni ya kivuko cha Magogoni.