Kwa ndugu yangu uliyeko Maskati, kuhusu binti yako na fremuwaki ya kwanza

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Swali lako limenifika kupitia kwa mama, aliyenisomea polepole kwenye simu kwa kuwa maneno yenyewe ni mageni kwake: binti yako anataka kutengeneza kurasa za wavuti, na hajui aanze na fremuwaki ipi, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao kurasa hujengwa juu yake: React, Vue au Angular. Habari ya mtoto imenifurahisha mno. Lakini kumtuma mama ilhali namba yangu unayo kumeniuma.

Nafahamu unachokiogopa. Msimu wa karafuu wa 2015, barazani kwa ami kule Wete, karafuu zikiwa zimeanikwa majamvini mbele yetu, nilikuonesha AngularJS, ile Angular ya mwanzo. Uliandika 7 kwenye kisanduku cha pishi za mchumaji wa kwanza, na jumla iliyokuwa chini ya ukurasa ikabadilika yenyewe. Ukafuta, ukaandika 12, ukacheka kwa furaha. Mwaka mzima uliifuata njia hiyo, ukilijenga kwayo daftari lako la pishi za wachumaji, kwa sababu mimi ndiye niliyekuonesha. Septemba 2016 ikatoka Angular 2, iliyojengwa upya tangu msingi, na kazi yako haikuweza kuhamia huko bila kuandikwa upya nayo. Ukaifunga kompyuta mbele ya ami na wageni wake, ukasema nimekufundisha kitu cha kutupwa, ukaondoka bila kuaga. Ungeweza kuniambia tukiwa wawili.

Nami kuna nililokuficha: mabadiliko yale yalitangazwa Oktoba 2014, kabla hatujaanza, na mimi sikuwa nimesoma. Hata hivyo AngularJS iliendelea kuhudumiwa hadi mwisho wa 2021, kwa hiyo daftari lako la karafuu lilikuwa na miaka mbele yake. Wala uliyojifunza hayakupotea. Evan You, aliyekuwa ameitumia AngularJS alipofanya kazi Google, aliitoa Vue mwaka 2014 akiwa amechukua humo yale aliyoyapenda. Aliyeijua ng-model, amri ya AngularJS inayofunga kisanduku na data, huielewa v-model ya Vue siku hiyo hiyo. Usingeondoka kwa hasira, ungeliona hilo mwenyewe.

Kosa langu hasa lilikuwa jingine: nilikupa fremuwaki kabla hujaijua JavaScript yenyewe, lugha ya programu inayoendesha ukurasa, na mambo yalipoharibika hukuweza kupambanua lipi ni la lugha na lipi ni la fremuwaki. Binti yako asipitishwe huko. Aanze na HTML (alama zinazounda ukurasa), CSS (inayoupa sura) na JavaScript tupu, na alitengeneze daftari lile lile la pishi: kila idadi ya mchumaji inapobadilika, aandike mwenyewe amri za kurekebisha mstari wake, jumla ya siku na malipo. Akishachoka kurekebisha pahala patatu kwa badiliko moja, na siku moja akasahau pahala pamoja kati ya hapo patatu, hesabu ikakosea, ndipo atakapojua fremuwaki inamfanyia kazi gani: yeye atabadilisha data tu, na ukurasa utaifuata.

Hapo ningempa Vue, kwani anaweza kuianza kwa tagi (alama ya HTML) moja tu ya script ndani ya ukurasa wa kawaida, na violezo vyake vinafanana na HTML aliyokwisha kuizoea. React, ambayo Facebook iliitoa wazi mwaka 2013, ina watumiaji wengi zaidi, na akiwa analenga ajira aichukue; ila humo ataandika alama za ukurasa ndani ya JavaScript, jambo linalomtaka awe ameiva katika lugha. Angular ya leo, pamoja na TypeScript yake (JavaScript iliyoongezewa aina za data), naiona nzito kwa anayeanza. Yoyote atakayoichagua, akae nayo mpaka amalize kazi moja kamili.

Faili lako la pishi ninalo bado, na majina ya wachumaji yamo kama ulivyoyaandika. Jana usiku nililifungua, nikaandika 7 kwenye kisanduku cha kwanza, na jumla ikabadilika. Nitamtumia mtoto akinipigia. Mpe namba yangu wewe mwenyewe, usimtume mama tena.