Mbwa wako kafanyiwa upasuaji? Siku ya tatu ndiyo ya kuogopa

Popi tulimfunga kizazi hapa kliniki kwetu siku ya Jumanne. Mama mwenye mbwa alisikiliza maelekezo yote pale mapokezi, akayaandika kwenye simu, na jioni akamweleza dada wa kazi. Jumatano Popi kashinda kalala. Alhamisi kaamka anatikisa mkia na kudai chakula. Saa nne usiku mlinzi akafungua banda kama afanyavyo siku zote, maana hakuna aliyemwambia lolote. Juu ya ukuta kulikuwa na paka. Ijumaa asubuhi tulikuwa naye tena mezani: dawa ya usingizi upya, mshono upya, na siku za kupona zikaanza kuhesabiwa kutoka moja.

Mlinzi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, kwa kudhani aliyekuja na mbwa ndiye anayeishi naye. Siku hizi kabla mbwa hajatoka kliniki tunauliza: usiku nani anafungua banda? Tunaomba namba yake na kumpigia wenyewe.

Ile siku ya tatu inawadanganya wengi. Dawa ya usingizi imeshatoka mwilini, dawa ya maumivu inafanya kazi, hamu ya kula imerudi. Ukitazama kidonda, ngozi imekaa vizuri, haina damu. Lakini chini ya ngozi kuna mshono mwingine, ule wa ukuta wa tumbo, na huo ndio unaozuia utumbo usitoke nje. Siku ya tatu kinachoushikilia ni uzi tu, nyama bado haijashikana. Akiruka, uzito wote wa tumbo unauelemea. Ndiyo maana kwa kufunga kizazi tunaomba utulivu wa siku 10 hadi 14, na kwa mfupa uliovunjika wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, hata kama mbwa mwenyewe anajiona mzima tangu juzi.

Utulivu maana yake nini? Si mnyororo. Mbwa aliyefungwa mnyororo akisikia honi getini huchomoka kwa nguvu zote hadi mnyororo umkate njia, na mtikiso ule ni mbaya kuliko mbio zenyewe. Unachohitaji ni eneo dogo lisilo na kitu cha kurukia: stoo iliyofagiliwa, kona ya kibaraza iliyozibwa kwa mbao, au banda lenyewe kama si kubwa. Upande unaotazama geti uzibe kwa turubai au kanga kuukuu. Mbwa wa ulinzi asiyeona geti kwa kawaida hubweka kidogo kuliko akiliona, na akibweka huku kalala hatuna neno. Sakafu iwe ya saruji au vigae, na juu yake shuka safi. Kwa joto la Dar mbwa hupenda kuchimba mchanga wa baridi na kulaza tumbo humo, na hapo kidonda kinajaa uchafu.

Kujisaidia atoke kwa kamba fupi, dakika tano, arudi. Shida ni kwamba mbwa wengi wa huku kwetu hawajawahi kuvaa kamba maisha yao yote, na siku ya kidonda si siku ya kuwafundisha. Kwa hiyo ukiweka miadi nasi, tunakupa kamba wiki moja kabla. Mvalishe wakati wa kula na umtembeze uani, kisha umzoeze kukaa kwenye lile eneo lake dogo nusu saa, halafu saa nzima. Wanaofanya hivi tunawajua siku ya kutoa nyuzi: mbwa wao anaingia anatembea, habebwi na watu wawili.

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, watenganishe. Jike aliyefungwa kizazi akiwa kwenye joto, yaani msimu wa kutaka dume, bado ananukia madume kwa siku kadhaa, na kupandwa na kidonda kibichi ni hatari kubwa.

Kuna wateja wanaotuambia, "Daktari, dawa ya maumivu sijampa, nataka asikie maumivu ili atulie." Tunaelewa wanachokitafuta, ila matokeo huwa kinyume. Mbwa mwenye maumivu halali. Anazunguka, anahema, anabadilisha ubavu kila dakika, analamba mshono mpaka anyofoe uzi. Mpe dawa tuliyompa, kwa saa tulizoandika, baada ya chakula. Na iwe hiyo hiyo tu. Diklofenaki na ibuprofeni za kwenye droo ya nyumbani hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Kwa wale wasiotulia kabisa zipo dawa za kutuliza, kama trazodoni na gabapentini. Tunaziandika kulingana na uzito na afya ya mbwa. Usizifuate mwenyewe duka la dawa, kwa sababu baadhi ya gabapentini ya maji imetiwa zailitoli, sukari mbadala ambayo kwa mbwa ni sumu.

Ila dawa tunayoipenda zaidi ni pua. Mbwa akinusa na kulamba kwa muda, akili inachoka na yeye anatulia. Chukua trei la mayai tupu, tia dagaa wakavu kidogo kwenye vishimo vyake, funika kwa matambara safi, mwache atafute. Kaa naye karibu, maana wapo wanaomaliza dagaa na kuendelea na trei. Au chemsha supu ya mifupa bila chumvi wala kitunguu, chuja, changanya na ugali laini, mimina kwenye kopo la plastiki, gandisha usiku kucha. Mpe mchana wakati wa joto. Tuliwahi kushauri kifuu cha nazi badala ya kopo, mpaka mbwa mmoja mwenye taya za chuma alipokitafuna chote. Tumeacha. Na kwa kuwa hakimbii, punguza chakula chake cha kawaida kidogo, hasa ugali.

Koni ya shingoni, ile ya kumzuia mbwa asilambe kidonda, ndiyo inayovuliwa mapema kuliko kitu chochote, kwa huruma. Mbwa anagonga mlango, anashindwa kunywa maji, watoto wanamlilia. Weka maji kwenye beseni pana, atajifunza ndani ya siku moja. Ukingo wa koni uvuke pua kwa upana wa vidole viwili. Kwa mshono wa tumboni, fulana ya mtoto inaweza kusaidia: miguu ya mbele kwenye mikono, upindo ufungwe fundo mgongoni. Ikilowa, ibadilishe.

Kidonda chenyewe kiache. Hakuna oili chafu, hakuna GV (ile dawa ya zambarau), hakuna kuogesha wala kunyunyiza dawa ya kupe hadi nyuzi zitoke. Kitazame asubuhi na jioni, na ufukuze nzi, kwa kuwa akitaga hapo utakuta funza. Uvimbe mdogo laini, usio na joto, tupigie picha tuuone. Usaha, harufu, fizi kuwa nyeupe, kutapika mfululizo, au damu inayodondoka, usitume picha, njoo. Ukiona utumbo umetokeza, usiurudishe kwa mkono. Funika kwa kanga safi iliyoloweshwa maji safi, zuia asilambe, mbebe uje, iwe mchana au usiku.

Gharama tunayokutajia ya upasuaji inajumuisha koni ya kuazima, simu ya siku ya tatu kwako na kwa mlinzi, na kutoa nyuzi. Kama mlinzi anabadilishwa katikati ya wiki mbili hizo, tutumie ujumbe tumpigie mpya. Siku ya nyuzi njoo asubuhi kabla jua halijakuwa kali, mbwa akiwa na kamba, na kama inawezekana uje na anayemfungulia banda.