Mvuvi kasema uongo, mpelelezi akamshukuru

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya tamthilia ya kipelelezi inayoonyeshwa Jumanne usiku, hasa sehemu ya wiki iliyopita, ile ambayo Inspekta na msaidizi wake walivuka kuja Unguja kuchunguza kifo cha mwenye hoteli huku pwani ya mashariki. Jina la tamthilia siliandiki, wanaoifuata wanaijua.

Sifa ya tamthilia hii tangu mwanzo ilikuwa moja: haimfichi mtazamaji. Alichokiona Inspekta nasi tumekiona, alichoambiwa nasi tumekisikia, kwa hiyo akitutangulia kumjua muuaji, katutangulia kwa akili tu. Safari hii sisi ndio tuliomtangulia, na mpaka majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo yeye alikuwa hana habari.

Kisa kilikuwa hivi. Mwenye hoteli kakutwa kafa chumbani. Mzee mmoja mvuvi anakuja kutoa ushahidi: usiku ule, saa nne, mwezi mpevu, aliiona boti ya mashine inaingia mpaka mbele ya hoteli, mtu akaruka mchangani, boti ikageuza ikatokomea. Tukaonyeshwa yote hayo. Mwezi duara, maji yanapiga ngazi za hoteli, na saa ya ukutani mapokezi inasema nne kamili.

Maskani yetu, barazani tunapokutana kutazama, ikacheka kwa pamoja. Hakuna mtu wa Jambiani, Paje wala Bwejuu asiyejua kwamba mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kukauka sana, na kwamba siku za bamvua maji huku kwetu hujaa kwenye saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, na hukauka kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Saa nne usiku wa mwezi mpevu mbele ya hoteli hakuna bahari. Bahari iko kule mwambani. Hapa katikati ni mchanga, vidimbwi na vigingi vya mwani. Boti ingeishia mbali huko nje, na huyo muuaji angelazimika kuja kwa miguu, suruali kaikunja magotini, anakwepa kamba za mwani za wake zetu. Kinamama hao wamekuwa wakiyasoma maji tangu kilimo hicho kilipoanza hapa mwaka 1989, kwa sababu bamvua ndiyo siku yao ya kazi.

Tulichofanya basi ni kile tulichofundishwa na tamthilia yenyewe. Tuliunganisha. Kama boti haiwezi kufika, mvuvi hajaiona boti. Kama hajaiona, anasema uongo. Na kama anasema uongo, ama yeye ndiye muuaji ama anamkinga mtu. Tukawasifu watunzi: hawa watu wamekuja huku, wamekaa na wavuvi, wametutegea kitu ambacho mtu wa mjini hawezi kukinasa! Kuanzia hapo kila mvuvi yule alipotokea watu waliguna. Alipokaribishwa chai na msaidizi wa Inspekta, mzee mmoja hapa akasema, "Sasa atabanwa." Hakubanwa. Mwisho wa kipindi Inspekta alimpa mkono, akamwambia kuwa bila yeye kesi isingefumbuka.

Muuaji alikuwa nani? Pacha wa marehemu, kutoka Muscat. Hakutajwa hata mara moja mpaka dakika za mwisho, hakuna picha yake ukutani, hakuna barua, hakuna jirani aliyesema "walizaliwa wawili".

Hili la pacha lina historia. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa akiandika hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi za fani hiyo. Moja inasema mpelelezi asiwe na dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa. Ya kumi inasema mapacha wasitokee ila msomaji awe ametayarishwa. Yaani hila hii ilishawachosha watu kabla babu zetu wengine hawajaoa. Na huku Kusini tuna haki ya kuwa wakali kidogo katika mambo haya, maana Muhammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi zake, ni mzaliwa wa Makunduchi, hapo jirani tu. Nimekulia kwenye vitabu vyake. Bwana Msa akishaeleza, unarudi kurasa za nyuma unakuta kila kitu kilikuwepo. Wewe ndiye uliyepita bila kukitazama. Wiki iliyopita nimerudia kuiangalia sehemu nzima kwenye simu ya mjukuu, na pacha sijamkuta popote.

Wapo waliosema tunakuza mambo. Mwalimu mmoja wa skuli hapa, binti ninayemheshimu kwa akili yake, alinambia wapigapicha hurekodi pale wanapopata nafasi, na maji yakiwa yamejaa picha inapendeza. Nakubali. Kama ingekuwa picha tu ningenyamaza. Hata ile ya mashua inayotoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, na kukata kona moja ikawa Forodhani mjini niliiachia. Lakini saa nne imetamkwa mara tatu, mwezi mpevu umetamkwa, na juu ya maneno hayo mtu kafungwa pingu. Ushahidi wenyewe ndio uliokuwa mbovu. Na dawa yake ilikuwa rahisi mno. Wangesema mwezi nusu, tarehe saba au nane ya mwezi mwandamo, basi saa nne usiku maji yangekuwa yamejaa. Ni maji mafu, hayapandi sana, lakini boti ndogo inaelea, na mwezi bado uko juu magharibi unatosha kumwonyesha mzee mtu akiruka. Neno moja tu la kubadilisha.

Mengine ni madogo, ingawa yanaudhi. Inspekta anamtafuta "mwenyekiti wa kijiji" atie saini; huku kila shehia ina sheha wake. Mtuhumiwa anapakiwa boti kwenda kusomewa mashtaka Kisutu, Dar es Salaam, wakati Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na mauaji ya huku husikilizwa huku. Muungano unaingia huko mbele, kwenye Mahakama ya Rufani. Wasidhani wanawaonyesha watu wasiozoea. Visiwa hivi vina televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri mpaka 1994 ndipo ikapata stesheni yake ya kwanza.

Nisiwanyime haki yao. Yule dada anayeigiza msaidizi anazidi kuwa bora kila wiki. Pale alipokaa na mjane akamwachia kimya chake, bila muziki, bila maswali, hata vijana wa maskani waliacha simu zao. Mvuvi naye kaigiza vizuri mno. Labda ndiyo maana tulimwamini kuwa mwongo.

Tumesikia sehemu mbili za mwisho wa msimu huu zitahusu Pemba. Ombi letu kwa watayarishaji, kupitia kwako Mhariri: kabla hamjaanza kurekodi, mpeni muswada mvuvi mmoja na mama mmoja wa mwani wakae nao mchana mmoja. Mkipata maji ya Pemba sawasawa, mtuambie pia kama yule pacha ana ndugu wengine, ili Jumanne tuanze kuwatafuta mapema.

Mtazamaji,
Jambiani, Kusini Unguja