Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: tuleteeni adrenalini

Mheshimiwa Waziri,

Asalaam aleikum. Hii ni barua yangu ya tatu kuomba adrenalini, sindano ya kumwokoa aliyezidiwa na aleji. Mbili za kwanza hazikujibiwa, na Ijumaa iliyopita nusura nimzike mwanangu.

Tulikuwa harusini, hapa kisiwani Pate. Mwanangu ana miaka sita na ana aleji ya kamba wa baharini. Mtaa mzima wajua. Alipewa sambusa za nyama. Hakuna aliyekumbuka kuwa mafuta yale yalikaangiwa kamba asubuhi. Hata ya pili hajaimaliza, midomo ikavimba, akajikuna shingo, sauti ikakauka, kila pumzi ikawa inapiga mluzi. Nikambeba mbio hadi zahanati. Muuguzi, Mungu ambariki, alijua la kufanya. Akafungua kabati, akavuta droo, akapekua tena kabati. "Mama, adrenalini hatuna."

Akampa dawa ya kuwashwa. Hiyo hutuliza vipele. Koo linaloziba haifungui, na presha ikishuka haipandishi. Yeye mwenyewe aliniambia.

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imelala topeni. Nilimpakata mwanangu akiegemea kifua changu, nikihesabu pumzi zake, hadi maji yakajaa. Lamu tulifika usiku. Alichomwa sindano pajani, na baada ya dakika chache akaniomba maji ya kunywa.

Mheshimiwa, mtoto wa kilo 20 huchomwa mililita 0.2 tu. Dawa yenyewe haitaki friji, yataka kukingwa na mwanga na joto kali. Nadhani haiagizwi kwa kuwa miezi hupita haijatumika. Basi na ikae miezi, lakini iwepo.

Ulituahidi barazani kuwa kila zahanati ya visiwani itapata dawa za dharura. Nilikaa mbele, nimempakata mtoto huyu huyu. Na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Tufundisheni nasi wazazi: tumlaze mgonjwa chali miguu ikiwa juu, au tumkalishe akihema kwa shida, tusimsimamishe, na sindano ya pili irudiwe baada ya dakika 5 akiwa hajapata nafuu. Mafunzo yakifanyika Siyu, tutakwenda hata kwa miguu. Ila dawa itangulie.

Kusi imeshaanza kuvuma, na siku nyingine mashua haziondoki kabisa. Tuleteeni adrenalini, mheshimiwa. Wiki hii.

Mama wa mtoto mwenye aleji,
Pate, Lamu